Uzi: Mpira wangu wa bolingi hauna kona tangu utobolewe. Ni mizani ya uzito au ni mkono wangu?

Lanet14 (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Natafuta mtu anayejua bolingi kwa undani, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kuangusha pini, au hata anayejua fizikia tu. Hapa Nakuru kila ninayemuuliza ananiambia nirushe kwa nguvu zaidi, na nguvu nimeshaongeza hadi bega linauma.

Binamu yangu anaishi Ohio. Alipokuja Desemba aliniletea mpira mpya wa pauni 14, haujatobolewa, ganda lake ni ile rezini inayonyonya mafuta. Kwenye kisanduku pameandikwa RG 2.50, tofauti 0.048, uzito wa juu aunsi 3. Sikuelewa hata namba moja. Nilichotaka ni mashimo yanayokaa vidole vyangu, maana mipira ya ukumbini inanipwaya na nimechoka kuibana kwa kidole gumba.

Nikampelekea fundi mmoja wa mbao mwenye mashine nzuri ya kutoboa. Vidole alipima kwa uangalifu, mashimo ni laini, mshiko unakaa kama glavu. Ila mahali pa kutoboa tulichagua kwa macho. Tulitaka nembo ikae mbele. Kuna doa dogo jekundu kwenye ganda, hilo limebaki kushoto kwa mshiko.

Tumeshapanda shuttle kwenda kucheza Nairobi mara tatu tangu hapo. Mpira unateleza kama sabuni. Wenzangu wakizungusha kiganja, mipira yao inakaribia mwisho wa leni, ile njia ya kurushia, kisha inakata kona na kuingia katikati ya pini. Wangu unapitiliza, unagonga pini za kulia na kuacha nyingine zimesimama. Mtu mmoja ukumbini aliubeba, akaupimapima mkononi, akasema fundi ameharibu mizani, uzito umeegemea upande mmoja. Je, ni kweli? Na dawa ipo?

Mzee_wa_Section58

Pole kijana wangu. Hilo jambo nalifahamu. Nilisoma Uingereza miaka ya themanini na Jumamosi zetu zote ziliishia kwenye leni. Duka lililotoboa mipira lilikuwa na mizani ndogo ya pekee, mpira unalazwa juu yake, unapimwa nusu ya kulia dhidi ya nusu ya kushoto, nusu ya juu dhidi ya nusu ya chini. Kando, tofauti ikizidi aunsi moja, mpira haukubaliki kwenye mashindano. Mafundi walichokifanya ni kutoboa shimo la nne pembeni, lisiloingia kidole, kupunguza upande uliozidi.

Rudi kwa fundi wako, mwambie atoboe shimo hilo.

NyarKisumo

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, Lanet14 usikubali shimo la nne. USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, kililikataza kuanzia tarehe 1 Agosti 2020. Siku hizi kila shimo lazima liwe la kushikia. Na papo hapo wakalegeza kanuni ya mizani: zamani kando iliruhusiwa aunsi moja tu, sasa ni hadi aunsi 3 upande wowote kwa mpira unaozidi pauni 10. Kwa hiyo hata kama fundi amehamisha uzito kidogo, kuna uwezekano mkubwa mpira wako bado ni halali.

Isitoshe, jiulize ametoa kiasi gani. Mashimo matatu ya kawaida hutoa kama aunsi mbili na nusu hadi tatu kwa jumla. Ndiyo maana kiwandani wanaweka uzito wa ziada upande wa juu, ile "aunsi 3" uliyoiona kwenye kisanduku. Wanajua utatoboa hapo. Ukishatoboa, hesabu inarudi karibu na sifuri. Kama mashimo yenu yako jirani na upande huo wa juu, jambo hilo limejirekebisha lenyewe.

Mimi nina mpira wa pauni 10 niliouokota sokoni Kibuye kwenye rundo la vifaa vya michezo vya mitumba. Muuzaji alidhani ni tufe la kurusha, akashangaa mbona una mashimo. Nilitaka kujua upande wake mzito uko wapi na mizani hiyo ya mzee sina. Nikaziba mashimo kwa tepu isiyopitisha maji, nikautia kwenye ndoo ya lita 20. Ukaelea! Ukageuka polepole, ukatulia. Nikaweka alama juu, nikauvuruga, ukarudi pale pale. Nikarudia mara kumi, alama ile ile juu. Upande mzito daima unatafuta chini.

Wako usiujaribu hivyo, utazama. Mpira una ujazo wa lita tano na kitu, uwe mwepesi au mzito, kwa sababu mzingo wake ni inchi 27 kwa wote. Wa pauni 11 kushuka chini unaelea, wa 13 kwenda juu unazama, wa 12 uko mpakani.

Lanet14

Dada asante. Sasa naelewa kwamba shimo la nne halifai. Lakini basi kama mizani si tatizo, kona yangu imeenda wapi?

Mwalimu_Lurambi

Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, na bolingi nimecheza mara chache sana, lakini swali hili limeninyima usingizi, kwa hiyo nivumilieni.

Neno "mizani" hapa linabeba mambo mawili na ndipo mnapopishana.

La kwanza ni kitovu cha uzito kuhama kutoka katikati ya mpira. Hilo ndilo mzee analolisema na ndilo ndoo ya NyarKisumo inaloonyesha. Tulipige hesabu. Aunsi moja ni gramu 28. Tuseme aunsi hiyo imezidi upande wa kulia, tena iko kwenye ganda kabisa, sentimita 10.8 kutoka katikati. Mpira wa pauni 14 ni kilo 6.35. Zidisha 28 kwa 10.8, gawanya kwa 6,350. Unapata kama nusu ya milimeta. Kitovu kimehama nusu ya milimeta ndani ya mpira wenye kipenyo cha sentimita 21 na ushee. Aunsi tatu, milimeta moja na nusu. Si sifuri, lakini mpira uliokosa kona kabisa siwezi kuutupia lawama hapo.

La pili ni jinsi uzito ulivyotandazwa. Hapa ndipo penye utamu. Chukua rungu, lishike katikati. Lizungushe kama unavyozungusha ufunguo mlangoni: jepesi. Sasa lizungushe kama mikono ya saa, kichwa kikienda juu na mkia chini: ghafla ni zito. Uzito wake haujabadilika hata gramu, na kitovu kiko pale pale. Kilichobadilika ni umbali wa uzito kutoka kwenye mhimili unaouzungusha.

Ndani ya mpira wako kuna kiini kizito kilichofunikwa na rezini, na kiini hicho si mviringo. Nimesoma kwamba kina maumbo mengi, mengine kama balbu ya taa. Kwa hiyo mpira wako ni rungu lililofichwa ndani ya tufe. Ile RG ndiyo kipimo cha umbali huo, kwa inchi. Kanuni zinaruhusu kuanzia 2.46 hadi 2.80. Namba ndogo maana yake uzito umejikusanya katikati, mpira unaanza kuzunguka upesi. Namba kubwa, uzito uko karibu na ganda, mpira unachelewa kuamka. Wako, 2.50, ni wa kuamka mapema. Na ile "tofauti" ni RG kubwa ukitoa RG ndogo, yaani rungu lako ni refu kiasi gani. Mwisho ni 0.060. Wako 0.048, si haba! Mpira huo uliumbwa ukate kona.

Sasa fikirieni pia, ile ya watoto inayozunguka juu ya ncha. Pia ikizungushwa imesimama wima inatulia. Ikizungushwa imeinama, inayumba na mhimili wake unatembea. Mpira wa bolingi nao hivyo. Ukiachiliwa ukizunguka kwenye mhimili mwepesi wa rungu, au kwenye mhimili mzito, unatulia tuli. Ukizunguka katikati ya hiyo miwili, unayumba, na kila mzunguko sehemu mpya ya ganda inagusa sakafu.

Kwa nini hilo linahusu kona? Anayeijua leni vizuri anisaidie hapo.

NyarKisumo

Mwalimu, umenigusa moyo. Naichukua hapo ulipoiachia.

Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60. Sehemu ya mwanzo, mara nyingi futi 40 hivi, imepakwa mafuta. Mwisho ni mkavu. Kwenye mafuta mpira unateleza hata kama unazunguka kwa kasi, halafu ukifika pakavu ganda linang'ata, mpira unakata, kisha unabingirika. Kuteleza, kukata, kubingirika, ndiyo safari yote.

Lakini mpira ukiteleza kwenye mafuta unajipaka mafuta. Kama unazunguka bila kuyumba, mstari ule ule wa ganda unarudi kugusa sakafu kila mara, umelowa. Ukifika pakavu unafika na soli yenye mafuta, basi ung'ate nini? Ukiyumba, kila mzunguko unaleta ganda kavu. Utaona baada ya kurusha: mpira ulioyumba una mistari mingi ya mafuta iliyopishana, inakutana sehemu mbili kama tai ya kipepeo. Usioyumba una mstari mmoja mnene.

Lanet14, mpira wako ukirudi una mistari mingapi? Usiufute. Utazame.

Mkuki_Kapsabet

Naomba kumpinga mwalimu kidogo, kwa nia njema. Mimi nafundisha vijana kurusha mkuki, na kwetu kitovu cha uzito kikihama kidogo ni jambo kubwa mno.

Mwaka 1984 Uwe Hohn alirusha mita 104.80 kule Berlin. Wakubwa wa riadha wakaogopa kwamba uwanja hautatosha, tena mikuki ya wakati huo ilikuwa ikitua kifudifudi, waamuzi wanabishana kama ncha imegusa kwanza. Mwaka 1986 wakasogeza kitovu cha mkuki wa wanaume mbele kwa sentimita 4. Uzito ukabaki gramu 800 zile zile. Umbali ukashuka sana, ikabidi rekodi zianze upya. Julius Yego wetu wa Nandi aliporusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, alikuwa na mkuki wa kanuni hiyo, unaotaka kuinamisha kichwa.

Sasa nikiona sentimita 4 zimefanya hivyo, nashindwa kuipuuza milimeta na nusu ya mwalimu.

Mwalimu_Lurambi

Kocha, swali zuri na umeniongezea kitu. Tofauti ni hii: mkuki uko hewani. Hewa inausukuma mahali fulani mwilini mwake, na kitovu kikiwa mbele ya mahali hapo, hewa inakuwa kama mkono unaoinua mkia, ncha inashuka. Urefu kati ya sehemu hizo mbili ndio wenzo. Ukiongeza sentimita 4 kwenye wenzo mfupi, umeubadilisha kabisa. Mpira wa bolingi hauna hewa ya kuuinamisha. Kinachousukuma ni msuguano wa sakafu, na msuguano huo unategemea ganda, mafuta, na kasi ya kuzunguka. Kitovu kilichohama milimeta moja kina wenzo wa milimeta moja tu.

Ila nakubaliana nawe kwamba si sifuri. Mpira ukichoka, unabingirika polepole, utaegemea upande mzito. Tatizo ni kwamba mpira wa bolingi unafika kwenye pini kabla haujachoka.

Mkuki_Kapsabet

Nimekupata mwalimu. Nitaitumia hiyo ya wenzo kesho uwanjani.

Mzee_wa_Section58

Nimesoma yote. Nashukuru kurekebishwa, hizi kanuni za 2020 zilinipita.

Mnaposema ganda ndilo linalong'ata, mmenikumbusha jambo tuliloambiwa na wazee wa ukumbi ule. Mwaka 1973 Mmarekani Don McCune alikuwa akiloweka mipira yake kwenye kemikali hadi ganda linakuwa laini. Alishinda mataji sita msimu huo. Kiini hakukigusa, mizani hakuigusa. Ganda tu. Kanuni za ugumu wa ganda zikafuata. Kijana, usiloweke kitu chochote tafadhali, hewa ya kemikali hizo ni sumu na sasa hairuhusiwi. Nakueleza tu uone nguvu iko wapi.

Lanet14

Jamani. Nimerudi kutoka Nairobi sasa hivi, nimeingia nyumbani saa 3 usiku, mpira uko mezani.

Mstari ni mmoja! Mmoja tu, mnene kama kidole, unazunguka mpira mzima na kupita karibu na shimo la gumba. Tumeutazama na wenzangu chini ya taa, wao mistari yao ni sita, saba, imepishana kabisa kama dada alivyosema.

Kwa hiyo nauliza tena. Kama kiini ni cha 0.048, mbona hakiyumbi?

NyarKisumo

Kwa sababu ya mahali mlipotoboa. Sasa nakuomba vipimo viwili, chukua futi kamba.

Kwanza, lile doa jekundu. Hilo si pambo. Ni kichwa cha rungu la mwalimu, linaonyesha kiini kimeelekea wapi. Pima kutoka katikati ya mshiko hadi kwenye doa, kufuata mviringo wa mpira.

Pili, tafuta mhimili wako. Kata kipande kidogo cha tepu nyeupe, kibandike upande wa kulia wa mshiko, kama inchi tano hivi. Mwenzako akupige video ya simu kutoka upande huo unapoachilia. Tepu ikichora duara, isogeze. Ukifika mahali ambapo tepu inatulia kama kitovu cha gurudumu wakati mpira unatoka mkononi, hapo ndipo mhimili wako. Kila mtu ana wake.

Lanet14

Nimefanya hilo la pili kwenye uwanja wa nyumbani, juu ya godoro kuukuu, mdogo wangu akishika simu. Mara nane hadi tepu ikatulia.

Doa: inchi moja na robo tatu, kushoto kwa mshiko.
Mhimili: inchi tano, kulia.

Mwalimu_Lurambi

Ngojeni. Tano jumlisha moja na robo tatu ni sita na robo tatu.

Mzingo wa mpira ni inchi 27. Robo yake ni sita na robo tatu kamili.

Lanet14, kutoka kwenye mhimili wako hadi kwenye kichwa cha kiini ni robo duara, digrii 90 barabara. Maana yake ukirusha, rungu limelala na linazunguka kwa ule mhimili mzito. Limetulia kabisa! Mngetafuta mahali pa kuua kuyumba kwa makusudi, msingepapata vizuri hivi. Kuyumba kukubwa zaidi kunapatikana nusu ya hapo, inchi tatu na tatu ya nane kutoka kwenye mhimili.

Nimesimama nikizunguka sebuleni peke yangu kwa furaha, naomba mniwie radhi.

NyarKisumo

Ndiyo jibu lenyewe. Fundi hakukosea mashimo, wala hakuharibu mizani ile ya aunsi. Hakuna aliyemwambia doa ni nini.

Ukitaka nafuu ya haraka, chukua msasa wa maji namba 1000, sugua mpira wote kwa maji, pande zote sawasawa, hadi mng'aro utoke. Ganda litang'ata mapema. Kona itarudi kiasi, si yote. Fanya kabla ya mchezo, kwenye mashindano hairuhusiwi kusugua mchezo ukiendelea. Dawa kamili ni kuziba mashimo na kutoboa upya, doa likae inchi nne hivi kutoka kwenye mhimili wako, yaani inchi moja kulia kwa katikati ya mshiko mpya.

Wengine huuacha mpira wa namna hii kama ulivyo na kuutumia kwa pini moja iliyobaki, maana unaenda moja kwa moja bila kusumbuliwa na mafuta. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo kama ningekuwa na wa pili.

Fiberi_Kisumu

Nimekuwa nikisoma kimya. Natengeneza na kuziba boti za fiberi hapa ziwani, na mashine ya kutoboa ninayo. Mpira wa bolingi sijawahi, nasema ukweli. Lakini kumimina rezini kwenye shimo bila viputo ni kazi yangu ya kila siku. Namimina polepole, nauacha siku mbili ukauke, nasawazisha na msasa hadi kidole kisihisi mpaka. Kutoboa, mashine iende taratibu, rezini haipendi joto.

Nisichoweza ni kuchagua mahali. Mtu aniwekee alama.

Lanet14

Ndugu, baada ya siku nyingi za kukata tamaa, nakuja. Nimejaribu msasa jana Nairobi na kona ilirudi kidogo, kama mbao tatu nne za leni, mara ya kwanza tangu Januari. Nilipiga kelele.

Alama nimeziweka kwa kalamu ya wino usiofutika: msalaba kwenye mhimili, duara kwenye doa, nukta inchi moja kushoto kwa doa kama katikati mpya ya mshiko. Jumamosi napanda gari la kwanza la Kisumu.

Fiberi_Kisumu

Fika kabla ya saa 6. Jumamosi tunaziba, Jumatatu tunatoboa. Uwe na pa kulala.

NyarKisumo

Jumatatu msitoboe kabla sijafika. Nakuja na futi kamba nipime tena.